Lubumbashi: Kidole gumba cha fundi wa makucha hakimo ndani ya bei ya verni

Siku ya posho, kuanzia saa mbili za asubuhi, saluni za karibu na soko la Kenya na zile za Katuba zinajaa. Kuna ndoa mchana, kuna matanga jioni, kuna misa ya kesho yake. Fundi wa makucha anakaa kwenye kiti kidogo cha plastiki, mteja wa kwanza anamnyooshea mkono, na kutoka hapo karibu hasimami tena mpaka giza. Wateja saba, wateja nane, kila mmoja na vidole vyake kumi, na wengine wanaongeza miguu. Usiku anafika nyumbani na hawezi kuzungusha ufunguo mlangoni. Anamwita mtoto amfungulie.

Ndani ya saluni kila mtu anaijua hali hiyo na kila mtu ana maelezo yake. Patroni anasema vijana wa leo ni wavivu. Jirani anasema ni baridi ya asetoni iliyoingia katika mifupa. Nyumbani wanaweza kwenda mbali zaidi na kuuliza ni nani aliyemsalimia kwa mkono wiki ile. Maelezo hayo yote yana ubaya mmoja: yanamwacha fundi afanye kazi kesho kama alivyofanya jana.

Asetoni inakausha ngozi na harufu yake inaumiza kichwa, lakini haingii katika mifupa. Kinachouma ni kitu kingine, na waganga wanakijua tangu zamani. Upande wa kidole gumba, pale kiganja kinapoungana na mkono, kuna kano mbili zinazokivuta kidole hicho. Zinapita pamoja ndani ya ala nyembamba, kama waya wa breki ya kinga unavyopita ndani ya mpira wake. Kila mara kidole gumba kinapobana kitu huku kiganja kimepinda, kano zinasuguana na ala. Mara moja si neno. Mara elfu kwa siku, siku sita kwa wiki, ala inanenepa, njia inakuwa ndogo, na waya unaanza kukwama. Fritz de Quervain, mpasuaji wa Uswisi, alieleza ugonjwa huo mwaka 1895 na mpaka leo unabeba jina lake. Waingereza wa wakati ule waliuhusisha na wanawake wafua nguo. Kazi imebadilika, kidole ni kilekile.

Kuna njia rahisi ya kujipima. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, kifunike kwa vidole vinne, kisha uinamishe ngumi polepole kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Kama maumivu makali yanaruka kwenye mfupa wa upande wa kidole gumba, kuna sababu ya kushuku kano hizo. Si lazima kulazimisha, na si hukumu ya mwisho. Muganga ndiye anayesema.

Fundi anaweza kujiuliza namna gani kubana lime, kitu chepesi kama karatasi, kunaweza kuumiza mtu mzima. Jibu liko katika hesabu ambayo Cooney na Chao, watafiti wa Marekani, waliitoa mwaka 1977: ncha ya kidole gumba ikibana kwa nguvu ya kilo 1, kiungo cha chini kabisa cha kidole hicho kinabeba karibu kilo 12. Mzigo wa fundi wa makucha hauonekani kama mfuko wa simenti wa mwenye kubeba sokoni, lakini uko, na unabebwa na kiungo kidogo kuliko kifuniko cha chupa.

Tena si kano hizo mbili peke yake. Kuna yule anayeamka saa nane za usiku, kidole gumba, cha pili na cha kati vimekufa ganzi, anakung'uta mkono kama mwenye kufukuza nzi. Huyo mshipa wake wa fahamu unabanwa katikati ya kiganja na mkono. Kuna yule ambaye kidole kinajikunja na kukataa kunyooka mpaka kinaruka kwa kishindo. Na kuna mama wa miaka hamsini na zaidi ambaye kiungo cha chini cha kidole gumba kimelika kwa uzee na kwa kazi. Dawa yao si moja, ndiyo maana ushauri wa "mimi nilipaka hii, nikapona" haufai kitu.

Mwaka 1713, muganga wa Italia aitwaye Bernardino Ramazzini, katika toleo la pili la kitabu chake juu ya magonjwa ya wafanyakazi, aliandika habari za karani mmoja aliyeishi kwa kuandika. Mkono wake wa kuume ulichoka, ukauma, mwishoe ukakataa kabisa. Karani akajifundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Baada ya muda si mrefu, wa kushoto nao ukashikwa na ugonjwa uleule. Mafundi wengi wa Lubumbashi wanafanya hivyohivyo leo: kidole gumba cha kuume kikiuma, wanabana kwa vidole vingine au wanahamisha kazi mkono wa pili, bila kubadilisha chochote katika kazi yenyewe. Karani yule angewaambia mwisho wake.

Kubadilisha kazi kunaanzia kwenye vitu vya bei ndogo sana. Mpini mwembamba ndio adui wa kwanza. Kitu kikiwa chembamba, kidole kinabana zaidi ili kisiponyoke. Kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la kinga, au sponji iliyofungwa kwa utepe, kikizungushwa kwenye lime, kwenye brashi na kwenye kijiti cha kusukumia ngozi, kinanenepesha mpini na kupunguza nguvu ya kubana. Hakipendezi machoni. Mteja akiuliza, ajibiwe kwamba ni cha mkono wa fundi.

Adui wa pili ni lime iliyokufa. Katika saluni nyingi lime moja inatumika mpaka inakuwa laini kama kipande cha karatoni, na fundi anafidia kwa nguvu ya mkono kile ambacho mchanga wa lime haufanyi tena. Patroni anayehifadhi bei ya lime mpya anailipa kwa kidole cha mtu mwingine. Ni vilevile kwa kichwa cha mashini ya kusugulia: kikiisha makali, fundi anasukuma, mashini inatetemeka, na mtetemeko unapanda mpaka kwenye kiwiko. Mashini ishikwe kama mtu anavyoshika yai, na kichwa kipya ndicho kifanye kazi.

Kisha kuna kutoa jeli ya zamani. Hapo ndipo vidole vingi vinaharibika, kwa sababu mteja hataki kungoja. Jeli inayotoka kwa asetoni ikifungwa kwa pamba na karatasi ya aluminiamu kwa dakika kumi au kumi na tano, inalegea na kutoka yenyewe kwa kusukuma kidogo. Ikikwanguliwa baada ya dakika tatu, inang'ang'ania, na fundi anakwangua kama mwenye kuparua sufuria ya bukari iliyoungua. Anaumiza kidole chake na ukucha wa mteja kwa wakati mmoja. Ile jeli ngumu ambayo asetoni haiiwezi inasuguliwa kwa lime au mashini, ikiachwa safu nyembamba, na hiyo nayo inaomba muda.

Mkono wa mteja ndio uje kwa fundi, si fundi aufuate. Taulo iliyokunjwa inawekwa chini ya kiganja cha mteja, kidole kinageuzwa kila upande ili kiganja cha fundi kibaki kimenyooka. Viwiko vya fundi vipate fasi ya kupumzika juu ya meza. Na shingo ya chupa ya verni ipanguswe kila mara kabla ya kufunga, maana kifuniko kilichoganda kinadai kubanwa na kuzungushwa kwa nguvu ileile inayoua kidole gumba. Kikiwa kimeganda tayari, kishikwe kwa kitambaa cha mpira na kiganja kizima.

Mambo hayo ni ya fundi mwenyewe. Kuna mengine ambayo hayawezi peke yake, na hapo ndipo lazima watu wasemezane wazi.

La kwanza ni haraka. Fundi wengi hawana mshahara. Wanagawana na patroni fedha ya kila mteja. Saa ya kupumzika ni saa ya njaa. Mteja anaingia na neno lake liko tayari: "Yaya, fanya mbio, wananingoja." Kiisha kazi, anaanza kupunguza bei. Kila franga anayopunguza, fundi anaitafuta kwa mteja wa tisa, na mteja wa tisa analipwa na kano zilizokwisha kuvimba. Mteja huyohuyo hapunguzi bei kwa muganga wa meno, wala hamwambii afanye mbio.

Saluni inayopanga wateja kwa saa, kwa ujumbe wa simu tu, haipotezi wateja. Inaacha kuwakusanya wote siku ya posho asubuhi. Na ikipanga vizuri, haiweki kazi nne za kutoa jeli mfululizo. Baada ya kusugua, inakuja kazi ya kupaka rangi peke yake, kisha miguu, kisha kusugua tena. Kidole kinapenda kubadilishiwa kazi kuliko kupewa saa moja ya mapumziko mwisho wa siku. Kati ya mkono wa kwanza na wa pili wa mteja, fundi aachilie kila kitu, afungue vidole, ashushe mabega. Ni nusu dakika. Mteja atakayenuna kwa nusu dakika ameshatumia zaidi ya hiyo kuchagua rangi.

La pili ni umeme. SNEL ikikata, na inakata mara nyingi, taa ya kukaushia inazimika na mashini inanyamaza. Saluni yenye jenereta au betri ya sola inaendelea. Ile isiyo nayo inarudi kwenye lime ya mkono, na kazi ya mashini inaingia yote ndani ya kidole gumba. Siku ya umeme kukatika si siku ya kuahidi makucha marefu ya kusugua. Ni siku ya verni ya kawaida. Patroni anayejua kazi yake anamwambia mteja hivyo mlangoni, kabla fundi hajashika mkono wa mtu.

Walio katika hali mbaya zaidi ni vijana wanaozunguka mitaani na kikapu cha verni, wakigonganisha chupa ili wanawake wasikie. Hawana meza wala taulo. Wanachuchumaa mbele ya mteja aliyeketi, mgongo umepinda, kiganja kimepinda, mguu wa mtu uko juu ya goti lao. Kwao ushauri wa meza nzuri ni maneno ya ofisini. Lakini kiti kidogo cha kukunja kinabebeka, na mteja aliye nyumbani kwake ana kiti na meza. Kumwambia kijana "karibu, kaa hapa" hakugharimu franga moja.

Halafu kuna kazi ambayo haihesabiwi. Fundi mwanamke akitoka saluni anakuta nguo za kufua na kukamua, sombe ya kutwanga, bukari ya kusonga, na mtoto wa kubeba. Maumivu ya kano hizi yanawashika sana akina mama wenye watoto wachanga hata wasiofanya kazi ya makucha, kwa sababu ya kumnyanyua mtoto kwa kumshika chini ya makwapa, vidole gumba vimefunguka. Ni afadhali kumchota kwa mikono chini ya matako na mgongo, viganja vimenyooka. Nguo nzito izungushwe kwenye bomba au kwenye mti na kukamuliwa kwa viganja. Na mume aliyelala kwenye kochi akiangalia mpira anaweza kuusonga ule bukari; vidole vyake ni vizima. Simu nayo: fundi aliyebana lime siku nzima kisha akasukuma picha kwa kidole gumba kilekile mpaka saa sita za usiku hajapumzika.

Maumivu yakiwa yameanza, jambo la kwanza ni kukiacha kidole kisibane kwa siku kadhaa, na hilo ndilo gumu kuliko yote kwa mtu anayekula alichopata leo. Kifaa cha kushikilia kidole gumba na kiganja visipinde, ambacho waganga wanaita ateli, kinasaidia kama kinavaliwa kweli, hata usiku. Barafu iliyofungwa ndani ya kitambaa, dakika kumi hivi, mara chache kwa siku, inatuliza. Kukanda kwa nguvu palepale panapouma, kwa maji ya moto na mafuta ya kuwasha, mara nyingi kunaongeza hasira ya kano.

Vidonge ni habari nyingine, na hapa uzembe ni mkubwa. Kwenye meza za wauza dawa wa barabarani fundi anapata diclofenac, na wakati mwingine dexamethasone, bila mtu kumuuliza neno. Maumivu yanakimbia, anarudi kazini, kano zinaendelea kuumia kimya kimya. Diclofenac ya kila siku inaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na haifai kwa mwenye mimba. Dexamethasone ya wiki nyingi inavimbisha uso, inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa na kinga ya mwili, na ikiachwa ghafla inaweza kumwangusha mtu. Isichanganywe na sindano ambayo muganga mwenye ujuzi anaichoma pale kwenye ala yenyewe: hiyo ni tiba inayojulikana, inachomwa mara chache, na inasaidia wagonjwa wengi wa ugonjwa wa de Quervain. Isiposaidia, kuna upasuaji mdogo wa kufungua ala.

Kungoja kuna mpaka. Maumivu yanayozidi wiki mbili licha ya kupumzika, ganzi ya kila usiku, vitu vinavyoanguka kutoka mkononi, nyama ya chini ya kidole gumba inayoonekana kupungua: hayo yanahitaji muganga, na mara nyingi kine wa kufundisha mazoezi. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto, umevimba na kuna homa, huenda ni maambukizi, na siku hiyohiyo ndiyo ya kwenda hospitali, hata kama ni siku ya posho.

Sheria je? Shirika la Kazi la Kimataifa, OIT, katika orodha yake ya magonjwa ya kazini iliyorekebishwa mwaka 2010, limeandika wazi uvimbe wa kano za kidole gumba unaotoka kwenye mwendo wa kurudiarudia na viganja vilivyopinda. Ufaransa inayalipa magonjwa kama hayo chini ya jedwali lake namba 57. Congo ina kodi ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, inayomdai patroni alinde afya ya wafanyakazi wake, na inayosema hata juu ya mkataba wa mwanafunzi wa kazi. Ina CNSS, yenye tawi la hatari za kazini. Lakini CNSS inamjua mtu ambaye patroni amemwandikisha na kumlipia michango, na katika saluni za mitaa mkataba mara nyingi ni neno la mdomo. Msichana akishindwa kushika brashi, anaambiwa apumzike nyumbani, na wiki inayofuata kiti chake kina mtu.

Ndiyo sababu kungoja serikali peke yake ni kungoja sana. Mahali pa kuanzia ni pale msichana wa miaka kumi na nane anapoletwa na mama yake kujifunza. Analipa fedha ya mafunzo, na wiki ya kwanza anafundishwa maua na kupachika kapsuli. Mwalimu wa kazi anayelipwa fedha hiyo ana deni la kumfundisha kwanza namna ya kukaa, namna ya kushika lime bila kuinyonga, dakika za kuacha jeli ilegee, na neno la kumwambia mteja mwenye haraka. Na akimwona mwanafunzi anakung'uta mkono chini ya meza, amwondoe kwenye kusugua siku hiyo, ampe kazi ya kupaka rangi, kabla hajajifunza kuficha.